Ivyne Nasimiyu Odero, Aliyeutoa Mrenda Mafichoni

Wachungaji, majirani wa Uthiru, wafanyakazi wenzake kutoka mjini, watu wa Ugenya mliokuja kumchukua na watu wa Kimilili mliokuja kumsindikiza, kaeni, wenye viti na wenye mawe, msikilize maisha ya Marehemu Ivyne Nasimiyu Odero, yaliyoandikwa na dada yake mkubwa, Philister, na yanayosomwa na Sammy, mwana wa Philister, kwa sababu miwani ya Philister ilikaliwa na mgeni siku ya Jumatano na mgeni huyo mpaka sasa hajajitaja. Marehemu alichukia habari za uongo kuliko alivyochukia sukari, kwa hiyo tarehe zote zilizomo humu zimeangaliwa mara mbili, na asitokee mtu wa kunong'ona kwamba mambo mengine hayasemwi matangani, kwa kuwa haya ndiyo aliyotaka yasemwe.

Nasimiyu alizaliwa tarehe 9 Januari 1968 huko Kimilili, wilaya ya Bungoma, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Bramwel Situma, seremala, na Mama Rasoa, na jina alilipata kwa kuwa alifika wakati wa kiangazi, ghala likiwa limebaki nusu na mboga iliyopo ni ile tu inayojiotea bila kupandwa na mtu, yaani mrenda. Mama Rasoa aliupika mrenda kwa magadi katika chungu cheusi, na hodi ikisikika mlangoni chungu kilisukumwa nyuma ya kuni, mgeni akaambiwa jikoni bado hakujawashwa moto, maana katika boma lile na maboma yote ya jirani mgeni hakuonyeshwa mboga ya porini, alichinjiwa kuku au aliaga na njaa yake. Watoto walilelewa hivyo, wakajua kwamba mtu wa nje akikuuliza jana mlikula nini, unataja nyama, hata kama meno yako bado yana kijani. Tunaomba mlishike hilo la chungu, kwa sababu lilimfuata marehemu hadi ofisini.

Alianza masomo mwaka wa 1975 katika Shule ya Msingi ya Khamulati, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981, akaenda Shule ya Wasichana ya Lugulu mwaka wa 1982 na kukaa huko hadi kidato cha sita mwaka wa 1987, na watu wamezoea kusema kwamba Philister aliacha shule ili mdogo wake asome, jambo ambalo si kweli, Philister alianguka hesabu mwaka wa 1971, akakasirika, akaja Nairobi kutafuta kazi. Mwaka wa 1976 aliajiriwa kuwa mpishi wa familia ya Bwana Gurdeep kule Spring Valley, akapanga chumba hapa Uthiru, na mwaka wa 1989 Nasimiyu alipoitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kusomea mambo ya chakula na lishe, alikuja kulala katika chumba hicho na kwenda darasani kwa miguu, akarudi kila jioni na maneno mapya ya kumweleza dada yake kuhusu chakula ambacho dada yake alikuwa amekipika miaka kumi na mitatu bila kujua kina majina mengi hivyo. Chuo kilifungwa mara kwa mara miaka ile, kwa hiyo alihitimu mwaka wa 1994, na Mzee Bramwel alikuja kwenye sherehe akiwa amevaa koti aliloazima, akasema hakuwahi kusikia mtu anapewa shahada ya kula.

Tarehe 3 Oktoba 1994 aliajiriwa na serikali kuwa afisa wa lishe katika hospitali ya wilaya huko Kitui, akafanya kazi wodi ya watoto kwa miaka tisa, na mwaka wa 2003 akahamishiwa ofisi ya lishe katikati ya jiji. Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Bwana Odero wa Ugenya, mpima ardhi, mtu wa maneno machache, na kulikuwa na wazee wa Kimilili waliouliza kama ni lazima aende mbali hivyo, wakajibiwa na yeye mwenyewe kwamba huyu angalau ni mtu anayejua mpaka wake uko wapi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Awiti, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1998, na Oloo, aliyezaliwa tarehe 1 Agosti 2002, na wote wawili wako hapa mbele, wamelia vya kutosha, waacheni wapumue.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyochukua miaka tisa ya maisha yake. Mnamo Machi 2016 aliitwa katika kamati ya kuandika mwongozo wa taifa wa kula vizuri, kijitabu ambacho kingemwambia kila mwananchi, kuanzia darasani hadi kliniki, sahani yake iwe na nini na kiasi gani, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Daktari Ndegwa, ambaye yuko nasi leo na ametukubalia tuseme yote. Nchi nyingine zina vijitabu hivyo, na kazi ya kwanza ilikuwa kujua watu wetu wanakula nini sasa, kwa hiyo vijana waliosoma walivalishwa beji, wakapewa kompyuta ndogo za mkononi, wakatumwa nyumba kwa nyumba kuuliza swali moja, jana ulikula nini tangu asubuhi hadi ulipolala.

Siku ya Jumanne, tarehe 13 Juni 2017, vijana hao walifika hapa Uthiru, wakabisha kwa mama mmoja wa miaka sitini, wakakaa kwenye kochi lake, wakamuuliza jana alikula nini, na mama huyo, bila kupepesa jicho, akajibu wali wa nazi, kuku wa kukaanga, kachumbari na embe. Kuku huyo alikuwepo kweli, alikaangwa siku ya Jumatatu, vipande kumi na viwili, lakini alikaangwa Spring Valley jikoni kwa Bwana Gurdeep, akaliwa huko, na mfupa wake hata mmoja haukuvuka lango. Mama huyo alikuwa Philister.

Majibu yalikusanywa, yakajumlishwa, na ikaonekana kwamba nchi hii inakula kuku wengi kuliko waliopo, wataalamu wakaandika rasimu nzuri yenye picha, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa wananchi wapunguze nyama, na wa pili ulikuwa waanze kula saladi. Rasimu ilipangiwa kupitishwa siku ya Ijumaa, tarehe 25 Mei 2018. Siku ya Jumatano kabla ya hapo Nasimiyu, ambaye hakuweza kutia sahihi kitu asichokisoma mwenyewe, alikuwa akipekua fomu za Uthiru, ambazo hazikuwa na majina, akafika kwenye fomu ya mama wa miaka sitini, darasa la saba, mpishi wa nyumba za watu, anaishi nyuma ya zahanati, akaangalia tarehe, akaiangalia tena. Jioni ile ya Jumatatu, tarehe 12 Juni 2017, alikuwa ameketi katika nyumba hiyo hiyo akiwa ametoka kazini, na walikula ugali wa mtama na mrenda wa Jumapili uliopashwa moto, yeye na Philister, kutoka sufuria moja, na Philister ndiye aliyekwangua.

Alituambia baadaye kwamba hakulala raha siku hizo mbili, si kwa hasira, bali kwa kufikiria kwamba ikiwa dada yake mwenyewe, mwenye mdomo usioogopa mtu, aliona haya kulitaja jina la mrenda mbele ya beji, basi wangapi wengine walikuwa wamesukuma chungu nyuma ya kuni, na kijitabu kingewaambia nini watu ambao hakikuwajua. Ijumaa ilipofika, watu wakiwa na kalamu mkononi na chai ya saa nne ikiwa imeshaletwa, alisimama akasema kazi hii irudiwe yote, akataja sababu, akamtaja na dada yake. Daktari Ndegwa alimwangalia juu ya miwani, akasema, "Mama Awiti, unataka tufute kazi ya miaka miwili juu ya sufuria ya dadako?" Akajibu, "Ndiyo, Daktari, na ukiona ni ya dadangu tu, tuanze na yako, fomu yako ya majaribio nimeisoma, umeandika samaki wa kuchoma na mboga za mvuke, na siku hiyo mimi nilikuwa nyuma yako pale kibandani ukiongeza matumbo na chapati ya tatu." Wanasema mpeleka chai ndiye aliyecheka kwanza, halafu karibu meza nzima, na Daktari Ndegwa akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema, "Chapati zilikuwa mbili," na baada ya hapo akasema rasimu isitiwe sahihi.

Si wote waliocheka, wengine walimlaumu kwa miezi, wakamwita mama wa mrenda kwenye ngazi za ofisi, na kuna aliyesema kwamba amewatia watu hasara ili ajulikane. Hayo yamepita, na waliosema wamekuja leo na wamepewa chai kama wengine.

Kesho yake, Jumamosi, alikuja Uthiru, akakaa kwenye kochi lile lile, akamuuliza dada yake, "Dada, wale watoto wa beji uliwapea kuku gani?" Philister, ambaye kushindwa hajui, akamwambia, "Wewe mtoto, ulitaka niseme nimekula mrenda, waende wakaandike, ofisi nzima ijue dada ya afisa wa lishe anakula majani?" Nasimiyu akasema, "Hayo majani ndiyo nayatafuta tangu Kabete. Hayo ndiyo dawa. Mmeyaficha wote, sasa mimi nitawaandikia watu wale nini, embe yako ya Juni?" Philister akainuka akaenda kuweka maji ya chai, na akiwa huko jikoni aliona kwamba kwa kumlindia mdogo wake heshima alikuwa amemharibia kazi.

Kazi ilirudiwa kuanzia Februari 2019, na Philister, aliyekuwa amestaafu Spring Valley, ndiye aliyewaongoza vijana hapa Uthiru, kwa utaratibu ambao dada hawa wawili waliupanga wakichambua kunde. Beji zilivuliwa. Hakuna aliyekaa kwenye kochi, walikaa jikoni, wakaingia chakula kikiwa bado motoni, wakapewa kitu cha kumenya, na mzani mdogo ulitoka mkobani mwisho kabisa, ukapima sufuria kabla na baada ya kupakua. Na sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba mgeni aanze kujisema, yeye kwanza ataje kitu cha aibu alichokula jana, kwa kweli, ndipo aulize. Nasimiyu mwenyewe aliingia nyumba ya kwanza, kwa mama aliyemwangalia kama askari wa jiji, akasema, "Mimi jana nilikula mkate mkavu na strungi, chai isiyo na maziwa, nimesimama, nikiwa na shahada," na mama huyo akacheka hadi akashika ukuta, akafunua sufuria, kulikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga ya terere, akasema, "Basi karibu, hata si mbaya hivyo." Nyumba baada ya nyumba vifuniko vilifunuka, kunde, managu, nduma, githeri bila nyama, mtama, omena, na mrenda, mrenda mwingi sana, na ikajulikana kwamba kilichokuwa kikiwaumiza watu wetu ni mafuta yaliyorudiwa mara sita na vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja, na kwamba nyama waliyoambiwa waipunguze wengi wao waliiona Krismasi.

Ugonjwa wa corona ulisimamisha kazi Machi 2020 na ikaanza tena Septemba 2021. Picha zilichorwa na binti aitwaye Mehreen, wa familia ya wauza nguo wa Ngara, ambaye hakuwa ameuona mrenda maishani mwake, kwa hiyo marehemu alimpeleka soko la Ngara asubuhi kadhaa, akamfanya aushike, aukate, aupike na aule, na Mehreen alisema unateleza sana, akaambiwa achore hivyo hivyo unavyoteleza.

Tarehe 17 Novemba 2022, baada ya maumivu ya tumbo ya miezi mitatu, madaktari walimwambia marehemu kwamba ana saratani iliyoanzia kwenye ovari na imeshatembea. Kuna watu, na baadhi yao wamekaa karibu na hema la chakula tangu saa mbili asubuhi, wanaouliza mtaalamu wa chakula amekufaje na saratani, nao wajibiwe hapa mara moja na iishe, madaktari walisema ilikuwa ya kurithi, Mama Rasoa naye aliondoka nayo mwaka wa 1991, na marehemu hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mboga inazuia kufa, alisema inasaidia kuishi. Alifanyiwa upasuaji Januari 2023, akatibiwa kwa dawa kali mara mbili, nywele zikaisha, akavaa kofia ya Oloo ya kuchezea mpira, akaendelea kwenda ofisini siku tatu kwa wiki, kwa kuwa alikuwa na hofu moja tu, nayo haikuwa kufa. Aliogopa kwamba akilala, rasimu ya kuku itarudi.

Na nusura irudi. Maandishi yalikamilika Machi 2024, lakini Januari 2025, Nasimiyu akiwa ameletwa hapa Uthiru auguzwe karibu na dada yake na hawezi tena kutoka nyumbani, alitokea mkubwa mmoja, ambaye jina lake halina faida hapa, akasema jalada lenye sahani ya ugali wa mtama, mrenda, omena na kipande cha papai linaiaibisha nchi mbele ya wageni, akataka iwekwe sahani ya kuku na saladi. Miezi saba kijitabu kilikaa mezani bila kusogea. Marehemu alikuwa akila uji wa wimbi kwa kijiko cha chai, vijiko vitano, sita ikiwa siku njema, na kila jioni alimuuliza Awiti kama kuna simu kutoka mjini, na Awiti alisema hakuna, kwa kuwa katika nyumba ile watu walikuwa wameacha kudanganyana. Philister aliomba Mungu afanye moja kati ya mawili, alete sahihi au ampumzishe mdogo wake, na aliomba kwa ukali.

Daktari Ndegwa ndiye aliyekaa mlangoni mwa mkubwa huyo. Alienda mara kumi na moja, na mara ya mwisho alibeba chakula chake kwenye kopo, akakifungua pale kwenye kochi la wageni, akala mrenda kwa ugali mbele ya kila aliyeingia, na alipoulizwa na katibu kama haoni haya, akasema ameona haya miaka hamsini na imetosha. Sahihi ilipatikana siku hiyo.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa sita mchana, Daktari Ndegwa alifika hapa Uthiru na nakala ya kwanza, wino bado unanuka, na Bwana Odero akamwinua mkewe kwa mito. Mikono haikuwa na nguvu, kwa hiyo Awiti alimfungulia kurasa moja moja hadi ukurasa wa kumi na moja, na pale palikuwa na mrenda, umechorwa ukiteleza, na maneno machache yanayosema namna ya kuupika na mara ngapi kwa wiki. Aliangalia sana. Halafu akamgeukia dada yake, akamuuliza kwa sauti ndogo swali lile lile la vijana wa beji, "Dada, jana ulikula nini?" Wageni walikuwepo, Daktari alikuwepo, mchungaji alikuwepo, majirani walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na Philister akasema, "Ugali na mrenda wa juzi, na nilikwangua sufuria." Nasimiyu alifumba macho, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyeshushiwa gunia, akasema, "Sasa andika hiyo." Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za simu, na maumivu, kwa rehema za Mungu na za wauguzi, yakalegea.

Alifariki nyumbani siku ya Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba, jua likiwa limeingia chumbani na Bwana Odero akiwa ameshika miguu yake, na hatutasema uongo kwamba tuliangusha kilio, kitu cha kwanza tulichohisi wote, na tukatazamana kwa kukihisi, kilikuwa nafuu, kwa sababu alikuwa amechoka na kazi ilikuwa imeisha. Kilio kilikuja baadaye, jioni, sufuria yake ya uji ilipooshwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumficha lolote, majirani wa Uthiru waliobeba maji, kuni na zamu za kukesha, Mehreen aliyechora picha ile mliyoiona kwenye ukumbi, wafanyakazi wenzake wote, pamoja na waliomwita mama wa mrenda, jina alilokuja kulipenda, na Daktari Ndegwa, ambaye chapati zake tumekubali zilikuwa mbili. Mgeni aliyekalia miwani naye anashukuriwa, ikiwa atajitokeza.

Baada ya maombi mtaelekea kwenye hema. Hakuna kuku. Marehemu aliagiza, na Philister amepika tangu alfajiri, sufuria nne, kwa magadi, na vifuniko viko wazi. Kuleni mshibe kabla ya safari ya Ugenya, na kesho mtu akiwauliza mlikula nini kwa matanga ya Nasimiyu, mwambieni.

Dada, chungu kimetoka nyuma ya kuni. Pumzika sasa, kwa amani ya mtu aliyemaliza.